Chupa ya pili: biashara ya vyakula na vinywaji vya mastaa wa mtandaoni

Machi 2025 shirika la habari la Bloomberg liliripoti hesabu za kampuni ya Jimmy Donaldson, kijana wa North Carolina ambaye dunia nzima inamjua kama MrBeast. Hesabu zilikuwa za mwaka 2024 na ziliandaliwa kwa ajili ya wawekezaji. Upande wa video na vipindi ulikula hasara ya takriban dola milioni 80. Upande wa chokoleti, yaani Feastables, uliuza bidhaa za dola milioni 250 hivi, na baada ya gharama zote ukabakiza faida ya zaidi ya dola milioni 20.

Kwa hiyo mtu mwenye wafuasi wengi kuliko mtu mwingine yeyote YouTube anapoteza pesa kwenye video na kuzipata kwenye chokoleti. Wengi wetu tukisikia staa fulani wa mtandaoni kaleta soda yake, kahawa yake au karanga zake, tunaona ni kiki tu, kesho atahamia kwenye manukato. Wapo wa hivyo, tena si wachache. Lakini kwa wanaojua wanachofanya mambo yamepinduka: bidhaa ndiyo biashara yenyewe, na video imekuwa tangazo lake, tangazo ambalo watu hulitazama kwa hiari yao mpaka mwisho.

Sababu ya kwanza ni jinsi pesa ya matangazo inavyopatikana. YouTube humpa mwenye video ndefu asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa juu yake na kubaki na asilimia 45. Hiyo asilimia 55 ya nini, hapo ndipo penye utata. Bei ya tangazo hupangwa na soko: inapanda kuelekea Krismasi, inaporomoka Januari, na inategemea mtazamaji yuko nchi gani. Watazamaji elfu moja wa Ohio, Marekani, wanalipa zaidi, tena zaidi sana, kuliko elfu moja wa Morogoro. Mtengeneza maudhui hana sauti katika hilo. Jukwaa likibadilisha kanuni ya kusambaza video, mapato yake yanashuka na hana pa kulalamikia. Chokoleti ina bei aliyoipanga mwenyewe, na anayeinunua leo anaweza kuinunua tena kesho hata kama wiki hii hakuna video mpya.

Sababu ya pili ndiyo kiini cha yote. Kampuni ya kawaida ya vinywaji ikitaka kuingia sokoni hulipia mabango barabarani, matangazo ya televisheni, wachezaji mpira na wasanii, miaka kadhaa, kabla mtoto wa shule hajalijua jina lake. Staa wa mtandaoni anaanza na jina ambalo mtoto tayari analijua. Gharama ambayo wenzake wanaililia yeye ameshailipa miaka iliyopita, kwa kukesha akihariri video. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, na karibu vyote vinavyobaki anavikuta kwa watu wengine: kiwanda, mapishi, malori na rafu.

Tuanze na kiwanda, kwa sababu hapa ndipo mashabiki wanapodanganyika zaidi. Karibu hakuna staa anayemiliki kiwanda tangu mwanzo. Kuna viwanda ambavyo kazi yake ni kutengeneza bidhaa za watu wengine: unaleta mapishi, au unawalipa wataalamu wakutungie, unachagua ladha, chupa na lebo, kisha mashine ile ile iliyojaza kinywaji cha kampuni nyingine asubuhi inajaza cha kwako jioni. Hakuna uchawi wala aibu. Kampuni kubwa na kongwe hufanya hivyo pia. Ila kiwanda kina masharti. Hakiwashi mashine kwa chupa mia mbili, na ukitaka kikutengee nafasi kwa miaka kadhaa, kitakutaka uahidi kiwango cha chini cha oda kila mwaka, na ahadi hiyo inabaki deni hata watu wakiacha kununua.

Prime ndiyo mfano uliokamilika wa jambo hili, kupanda kwake na kushuka kwake. Kinywaji hiki kilizinduliwa Januari 2022 na mastaa wa YouTube Logan Paul wa Marekani na KSI wa Uingereza, watu wawili waliopigana ngumi mara mbili hadharani, 2018 na 2019, na kujaza kumbi. Mahasimu kugeuka washirika lilikuwa tangazo tosha. Nyuma yao ilikuwepo kampuni ya Congo Brands, ambayo iko Louisville, Kentucky, si Kinshasa. Hiyo ndiyo iliyojua mambo ya viwanda na maduka, na inaripotiwa kuwa ndiyo yenye sehemu kubwa ya umiliki, huku mastaa wawili wakiwa na takriban asilimia 20 kila mmoja. Hata asilimia hizo ni nyingi. Mtu anayetangaza soda ya wengine hupewa malipo yake na mkono wa kwaheri; mwenye hisa hula kila chupa inapouzwa, na kampuni ikinunuliwa naye anapata fungu lake.

Prime iliuzaje? Kwa uhaba. Uingereza, duka la Aldi lilipoiingiza Desemba 2022 kwa bei isiyofika pauni mbili, watu walipanga foleni kabla ya alfajiri, na chupa moja ikawa inauzwa tena mtandaoni kwa bei ya kuchekesha. Watoto walikuwa wanakwenda shule na chupa tupu ili waonekane nazo. Mwaka 2023 mauzo ya dunia nzima yalitangazwa kupita dola bilioni 1.2. Jina lake lilikuwa kwenye klabu za Arsenal na Barcelona, na kwenye mapigano ya UFC.

Kisha rafu zikajaa. Kitu ambacho jana kilikuwa hakipatikani leo kiko kila duka, na mtoto hana tena cha kuringia. Hesabu za kampuni ya Prime ya Uingereza zilionyesha mauzo yakishuka kutoka takriban pauni milioni 112 mwaka 2023 hadi kama milioni 33 mwaka 2024. Mwaka huo huo wa 2024, Refresco, mojawapo ya kampuni kubwa duniani za kujaza vinywaji vya wengine, iliishtaki Prime Marekani ikidai dola milioni 68, kwa hoja kwamba iliahidiwa oda ambazo hazikuletwa. Ndiyo ile ahadi ya kiwango cha chini niliyoitaja.

Umaarufu huuza chupa ya kwanza. Chupa ya pili huuzwa na ladha, bei, na kama duka la karibu linayo. Ya tatu na ya kumi hununuliwa na mtu ambaye pengine hajui hata nani aliianzisha. Linganisha na Alani Nu, kinywaji kilichoanzishwa mwaka 2018 na Katy Hearn, mwanamke aliyepata wafuasi kwa video za mazoezi. Hakikuwa na foleni za alfajiri. Kililenga wanawake wa gym, kikawapa ladha walizozipenda, kikaingia maduka makubwa taratibu, na Februari 2025 kampuni ya vinywaji ya Celsius ikatangaza kukinunua kwa dola bilioni 1.8. Wanywaji wake wengi pengine hawajawahi kuzitazama video za Katy Hearn, na hakuna dalili bora kuliko hiyo kwamba chapa imesimama kwa miguu yake.

Emma Chamberlain, staa wa YouTube wa Marekani, naye alikwenda mwendo huo huo wa pole pole. Alianza mwishoni mwa 2019 kwa kuuza kahawa mtandaoni, kwenye vifuko vya kuchovya kama majani ya chai, na baadaye kahawa yake ikafika kwenye maduka makubwa ya Marekani, Target na Walmart. Watu walikuwa wamemwona akinywa kahawa kwenye video zake miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kahawa imetoka wapi. Mimi huona uhusiano wa namna hii kati ya mtu na bidhaa una thamani kuliko idadi ya wafuasi. Mpishi akiuza viungo inaeleweka. Mchekeshaji akiuza maji ya nazi inabidi atueleze kwanza.

Sasa mkataba. Kwa juu juu bidhaa zote za mastaa zinafanana: sura yake iko kwenye pakiti. Ndani, tofauti ni kubwa. Kuna anayelipwa mara moja kutangaza. Kuna anayekodisha jina lake na kupewa mrabaha, asilimia fulani ya kila kinachouzwa, huku uamuzi wote wa jikoni ukiwa kwa mwingine. Na kuna mwenye hisa. Yule wa katikati ndiye mwenye hatari ambayo wengi hawaioni, kwa sababu lawama zote zinamjia yeye na usukani hana.

Donaldson huyo huyo alilionja hilo kabla ya chokoleti. Desemba 2020 alizindua MrBeast Burger, na kwa siku moja ilikuwa inapatikana katika sehemu kama 300 Marekani. Hakujenga hata mgahawa mmoja. Kampuni ya Virtual Dining Concepts iliingia makubaliano na migahawa iliyokuwepo tayari: jiko linalopika tambi za Kiitaliano linapokea oda kupitia programu ya simu, linakaanga baga, linaziweka kwenye boksi lenye jina la MrBeast, na dereva anazipeleka. Kipindi cha korona, migahawa ikiwa imekosa wateja, wazo hilo lilikuwa na akili. Tatizo ni kwamba majiko 300 yana wapishi wa kila aina. Huku baga nzuri, kule nyama mbichi katikati, na mteja aliyekasirika anapiga picha na kumtaja MrBeast, si yule mpishi. Julai 2023 Donaldson alifungua kesi New York akitaka kujitoa, akidai chakula kinalichafua jina lake na kwamba hajaona hata senti moja. Wiki iliyofuata kampuni ikamshtaki yeye, ikitaka angalau dola milioni 100. Kwenye Feastables alichukua njia nyingine: bidhaa ni yake, na mwanzoni mwa 2024 alipotaka kubadilisha mapishi na karatasi za kufungia, alibadilisha.

Hata hivyo kumiliki hakumwondolei mtu shida ya rafu. Machi 2023 Donaldson aliwaomba wafuasi wake wakiingia Walmart wapange vizuri chokoleti zake zilizovurugika, na kama shukrani wangeingizwa kwenye bahati nasibu. Alichekwa sana, kwamba tajiri anawatuma mashabiki kazi ya bure. Ilikuwa aibu kweli, lakini pia ilionyesha kitu ambacho kampuni kubwa hukijua na hukilipia: kuna watu wanaozunguka madukani kila siku kunyoosha rafu, kurudisha bidhaa mbele, kuhesabu zilizobaki. Mtu mwenye mamilioni ya wafuasi alikuwa hana jeshi hilo.

Na yako mambo ambayo umaarufu unayazidisha ubaya. Chakula si fulana. Fulana ikiwa mbovu inafubaa. Chakula kikiwa kibovu kinampeleka mtu hospitali. Katikati ya 2022 mpishi mmoja wa Miami, aliyejulikana TikTok kwa jina la Chef Pii, alianza kuuza mchuzi wa rangi ya waridi, Pink Sauce, dola 20 chupa. Uliuzika kwa kasi ya ajabu. Halafu chupa zikafika: lebo ikisema chupa moja inatosha kuliwa mara 444, neno la siki limeandikwa vibaya, maziwa yametajwa kwenye viambato lakini chupa imesafirishwa kwenye joto la kiangazi bila barafu. Video zilizoujenga ndizo zilizougeuka. Mwishowe kampuni yenye uzoefu wa kutengeneza michuzi, Dave's Gourmet, iliuchukua, ikaunda upya mapishi, na mapema 2023 ukaingia Walmart. Mpangilio ulikuwa kinyume: wateja walipatikana kwanza, usalama ukafuata.

Suala la watoto ni gumu zaidi. Prime ina vinywaji viwili. Kimoja hakina kafeini. Kingine, Prime Energy, kina miligramu 200 katika kopo la mililita 355, karibu sawa na makopo sita ya Coca-Cola. Jina moja, rangi zile zile, na watazamaji wengi ni watoto. Julai 2023 seneta Chuck Schumer aliitaka mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iichunguze, na Kanada ikaamuru makopo hayo yaondolewe madukani kwa kuwa yalizidi kiwango chake cha miligramu 180. Kampuni ilijibu kwamba kopo limeandikwa wazi halifai kwa walio chini ya miaka 18. Kweli limeandikwa. Lakini mtoto wa miaka kumi hasomi kopo, anamsikiliza mtu anayemtazama kila siku akitoka shule, na mtu huyo hajawahi kujitambulisha kwake kama muuza vinywaji. Shule kadhaa za Uingereza zilipiga marufuku Prime.

Turudi nyumbani, maana hapa Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Staa kuweka jina kwenye chakula si jipya: Diamond Platnumz alitoa Diamond Karanga mwaka 2017, karanga kwenye pakiti ndogo, akijua kwamba pakiti ndogo ndiyo inayofika kwa Mangi, duka la mtaani. Ila kundi kubwa zaidi si la mastaa. Ni akina mama na vijana wanaopika mbele ya simu Instagram na TikTok, halafu wanauza viungo vya pilau, siagi ya karanga, pilipili ya kukaanga, ubuyu, achari na unga wa lishe. Kwao mara nyingi bidhaa ilianza, wafuasi wakaja baadaye. Oda inachukuliwa WhatsApp, malipo kwa lipa namba, mzigo unakwenda kwa bodaboda au kwenye buti la basi la mkoani.

Hapa ndipo hesabu ya Marekani inapokataa. Wafuasi laki mbili unaweza kuwa nao, lakini wametawanyika: huyu Mwanza, huyu Mombasa, yule Muscat. Kumpelekea mtu wa Songea kopo moja la siagi ya karanga, nauli ya mzigo inaweza kukaribia bei ya kopo lenyewe. Na viwanda vya kukutengenezea kwa kiasi kidogo ni vichache, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye sufuria ya nyumbani na mashine ya kusaga ya mtaani, na wengi wanaishia hapo hapo.

Tanzania Bara na Zanzibar kila upande una mamlaka zake. Kwa Bara, tangu 2019 usajili wa vyakula ulihamia TBS, shirika la viwango, baada ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kubadilishwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Mjasiriamali mdogo kwa kawaida hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapata mafunzo na barua ya utambulisho, kisha TBS wanakagua sehemu ya uzalishaji na kupima sampuli. Kenya kazi hiyo ni ya shirika lao la viwango, KEBS. Wengi wanaziona hatua hizi kama usumbufu wa ofisini, hasa kama bidhaa tayari inauzika. Kwa karanga hasa, siafiki. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga, haionekani kwa macho, haina ladha, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, na ni maabara pekee inayoweza kusema umevuka au hujavuka. Muuzaji mwenye wafuasi elfu hamsini wanaomwamini anaweza kusambaza mzigo mmoja mbovu kwenye mikoa kumi kwa wiki moja, jambo ambalo mama muuza karanga wa kituo cha daladala hawezi hata akitaka.

Msimbo wa mistari (barcode) nao unaeleweka vibaya. Supamaketi huudai, na watu hudhani tarakimu za mwanzo, 620 kwa Tanzania na 616 kwa Kenya, zinathibitisha bidhaa imetengenezwa nchini. Hazithibitishi. Zinaonyesha tu kampuni ilijisajili wapi kwenye GS1, mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa; bidhaa yenyewe inaweza kutoka popote. Ukitaka kujua nani ametengeneza, tafuta maneno "imetengenezwa na" na anwani, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo yenye sura ya staa, namba ya WhatsApp na basi, haikwambii chochote siku ukiumwa tumbo.

Kwa anayefikiria kuingia, jambo moja hufanywa kwa kuchelewa karibu kila mara, nalo ni jina. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, si sawa na kusajili alama ya biashara, ingawa ofisi ni hiyo hiyo. La kwanza linakutambulisha wewe kama mfanyabiashara, la pili ndilo linalomzuia mwingine kubandika jina lako kwenye kopo lake. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa: siagi ya karanga na karanga za kukaanga ziko daraja la 29, kahawa, viungo na michuzi daraja la 30, juisi na maji daraja la 32. Aliyesajili la 30 peke yake hajakingwa akitoa juisi. Na usajili wa BRELA unaishia Bara. Zanzibar ofisi ya kusajili alama ni BPRA, Kenya ni KIPI. Mwekezaji akija na mkataba kabla hujafanya hayo, soma kwanza kifungu kinachosema alama itasajiliwa kwa jina la nani.